Bunduki ya Keya Ukutani: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Wapo Waswahili wa Uingereza ambao babu zao walikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakavuka mto Chindwin kule Burma mwaka 1944 na Lee-Enfield begani. Mjukuu akishapata kazi ya maana na ukuta mtupu sebuleni, swali huja lenyewe: bunduki kama ile inauzwaje, na serikali inasemaje?

Inategemea unataka kuifanya nini: kuipiga, kuitundika au kuitazama tu. Tena bei ya dukani mara nyingi si gharama kubwa kuliko zote.

Tuanze na hiyo ya babu. Lee-Enfield No. 4 nzima, inayopiga, huuzwa kati ya pauni 400 na 900 hivi kulingana na hali ya mbao na mtutu. Haiuzwi kwa mtu asiye na cheti cha polisi. Cheti hicho cha miaka mitano kilikuwa pauni 88. Tangu Februari 2025 ni pauni 198. Juu yake weka kabati la chuma lililofungwa ukutani, ada ya klabu ya walenga shabaha (maana polisi watataka sababu ya msingi ya wewe kumiliki bunduki), na risasi zenyewe, ambazo si rahisi. Kwa mtu anayekwenda uwanjani kila mwezi, hesabu hii inaingia akilini. Kwa anayetaka kuitundika tu, ni pesa ya bure.

Ndiyo maana wengi hukimbilia bunduki iliyouawa, yaani iliyochomelewa isiweze kupiga tena na kupewa hati ya ukaguzi ya London au Birmingham. Haihitaji cheti cha polisi. Lakini hapa ndipo soko linapochekesha: bunduki mfu mara nyingi ni ghali kuliko iliyo hai. Kuiua ni kazi ya fundi inayolipiwa, na wanaoitaka ni wengi kwa kuwa usumbufu wake ni mdogo. Na unapata nini? Tangu kanuni za Ulaya za mwaka 2016, mtutu unapasuliwa na kuzibwa, na komeo linachomelewa pale pale. Ukiishika unahisi uzito wa kweli na harufu ya mafuta ya kitani kwenye kitako, lakini ukivuta komeo, halisogei. Muuzaji akikunong'oneza kwamba anayo ya zamani ambayo komeo lake bado linacheza, jiepushe. Zile za kanuni za awali unaweza kubaki nazo ikiwa tayari ni zako, ila kuziuza bila kuzipandisha kwenye kiwango kipya ni kosa.

Nakala za bandia za chuma na mbao zinapatikana kwa pauni mia na kitu. Kwa mbali zinapendeza. Kwa karibu, skrubu zinazisaliti.

Sasa niseme ninachokiamini: kwa pesa hizo hizo, nunua Martini-Henry. Jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1871, na ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wake walipopigana na Wazulu Isandlwana na Rorke's Drift, Januari 1879. Risasi yake ya .577/450 imo kwenye orodha ya risasi zilizopitwa na wakati, kwa hiyo ukiiweka kama pambo au kumbukumbu, sheria ya Uingereza haidai cheti. Haijachomelewa popote. Unashusha wenzo ulio chini ya mkono, bamba la chuma linainama, na tundu la risasi linafunguka mbele ya macho yako kama lilivyofunguka miaka 140 iliyopita. Upande wa kulia soma taji, herufi V.R., jina la kiwanda na mwaka. Ila ukianza kununua risasi zake, au ukaipiga, msamaha huo umekwisha. Utahitaji cheti kama wengine.

Bei yake inapanda kwa alama. Iliyo kamili ya kiwanda cha Enfield yenye mwaka unaosomeka inaweza kuvuka pauni 1,000. Wenye mfuko mwembamba waangalie zilizotoka Nepal. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua ghala zima la silaha kuukuu Kathmandu, na tangu hapo soko limejaa. Zinauzwa nafuu zikiwa na uchafu wake wote, na kazi ya kuzisafisha ni yako.

Marekani mambo ni mepesi zaidi: bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, sheria ya nchi nzima haiihesabu kuwa silaha ya kawaida, na kwa kongwe za baada ya hapo, leseni ya mkusanyaji wa vikongwe ni dola 30 kwa miaka mitatu. Majimbo yana yake, uliza kwanza.

Mzinga je? Sikushauri. Ukiuacha ununuzi kando, kuna lori, gari lake la mbao linalooza, na kutu. Chuma kilichokaa baharini kimelewa chumvi. Kikikauka hewani hukatika maganda, na dawa yake ni kukilaza kwenye maji ya magadi makali yenye umeme kwa miezi, pengine miaka. Ukiuziwa mzinga ulioibuliwa pwani ya Kenya au Tanzania, ujue unauziwa kesi, kwa kuwa malikale zinalindwa na sheria.

Mizinga itazame tu. Ndani ya Fort Nelson, karibu na Portsmouth, umelala mzinga wa shaba wa Waturuki wa mwaka 1464, tani zipatazo 17. Ukiwa likizoni Mombasa, lipa kiingilio uingie Fort Jesus: upo mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, na upo wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg iliizamisha bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Maadui wawili wamewekwa ngome moja.

La mwisho: usifunge safari ya nyumbani na bunduki yoyote kwenye sanduku, hata iliyouawa. Hati ya Birmingham haina nguvu uwanja wa ndege wa Nairobi wala Dar es Salaam. Omba kibali kwanza, au mpelekee babu picha.