Gango la Kifundo cha Mguu na Wajibu wa Mwalimu

Mwalimu anayeanza kazi katika shule ya kijijini, tuseme Bungu, wilayani Kibiti, huenda akampokea mtoto ambaye unyayo wake huning'inia au hupinda ndani atembeapo. Sababu yaweza kuwa mtindio wa ubongo, mshipa wa fahamu uliodhurika, au mguu kifundo usiotibiwa mapema. Watoto wengi wa namna hii husaidiwa na gango la plastiki lishikalo kifundo cha mguu. Tueleze jinsi linavyobuniwa, na kwa nini mwalimu anahusika.

Fundi huufunga mguu kwa plasta ili apate kalibu. Humo humimina plasta nyingine, akapata mfano wa mguu, kisha huulazia plastiki iliyolainishwa kwa moto. Mafundi wa kazi hii wamefundishwa nchini, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981.

Hata hivyo, ubora wa gango hupimwa mahali mtoto anapoishi. Gango lisilo na kiungo huutuliza mguu usio imara, lakini humzuia mtoto kuchuchumaa. Lenye kiungo huzuia unyayo usining'inie, na papo hapo huuruhusu kuinuka. Mchanga wa njiani ukiingia kati ya plastiki na ngozi huleta malengelenge. Tena, gango lililokusudiwa kuvaliwa ndani ya kiatu halimfai mtoto ashindaye pekupeku.

Fundi humwona mtoto mara chache. Mwalimu humwona karibu kila siku. Kwa hiyo tunashauri mambo matatu.

Kwanza, mtoto azoezwe kuvaa soksi isiyo na mikunjo na kukung'uta mchanga.

Pili, gango likivuliwa, ngozi itazamwe. Alama nyekundu au nyeusi isiyotoweka baada ya dakika 20 hadi 30 yaonyesha kwamba gango linabana. Lisivaliwe mpaka fundi alirekebishe.

Tatu, mwalimu aandike mtoto huumia wapi, hulivua saa ngapi, na hushindwa kufanya nini. Maandishi hayo mzazi ampelekee fundi. Mtoto hukua, na gango la mwaka jana huenda limekwisha kuwa dogo.

Gango lililotupwa mvunguni halimsaidii mtu. Kabla ya kumkaripia mtoto asiyelivaa, tumwulize linamuuma wapi. Jibu lake ndilo litakalomwongoza fundi kutengeneza lililo bora zaidi.