Kukombolewa na Kuzaliwa: Imani na Utambulisho katika Masimulizi ya Kihistoria ya Kikristo, kutoka Uhuru wa Watumwa hadi Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Neno komboa katika Kiswahili hubeba kazi mbili. Mtu hukomboa rehani yake kwa aliyemkopesha, na zamani ndugu walimkomboa jamaa yao aliyetekwa kwa kutoa nguo au mtumwa mwingine badala yake. Kanisani, Kristo huitwa Mkombozi. Maneno ya jirani yake yana hali hiyohiyo. Bwana ni mwenye kumiliki watumwa, na ni Mungu pia. Mtume na mtumwa ni maneno ya shina moja, na katika nyaraka za Paulo zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, mtume huyo hujitambulisha kuwa mtumwa. Msomaji wa leo huyapita maneno haya bila kusita. Kwa vizazi vya kwanza vya Wakristo wa Freretown, Mkunazini na Masasi, ambao wengi wao walikuwa wameuzwa kweli na kukombolewa kweli, hayakuwa na maana ya sitiari peke yake.

Makala haya yanachunguza namna masimulizi ya kihistoria ya Kikristo yalivyoutumia uwili huo kujibu swali la utambulisho: aliyekombolewa ni nani? Hoja inayotetewa ni kwamba usimulizi huu, hasa katika Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, humpa mhusika wake utambulisho unaoanzia siku ya kukombolewa, na kwa kufanya hivyo humwacha bila ukoo. Historia ya Ukristo katika nyanda za Masasi na Newala, kutoka bonde la Ruvuma hadi vijiji vya juu ya uwanda wa Wamakonde kama Mnyambe, inaonyesha kwamba watu wenyewe hawakutosheka na utambulisho wa namna hiyo. Eneo hili limeteuliwa kwa sababu ndiko walikotekwa wengi wa wale ambao masimulizi hayo yanawazungumzia, na ndiko baadhi yao walikorudishwa.

2.0 Utambulisho unaoanzia baharini

Uhuru wa Watumwa ilichapishwa na Sheldon Press, London, mwaka 1934. Mwandishi wake alikuwa mzaliwa wa wazazi waliotolewa utumwani, wenye asili ya pande za Nyasa, na alikulia katika makazi ya Freretown, karibu na Mombasa, yaliyoanzishwa na Church Missionary Society katika miaka ya 1870. Wahakiki wamebishana iwapo kitabu hiki ni riwaya, historia au wasifu wa jamii. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ubishi huo hauna budi kuachwa bila kumalizwa, kwa kuwa mchanganyiko huo ndio unaokipa kitabu nguvu. Mbotela anasimulia mambo ambayo hakuyaona kwa macho yake. Aliyasikia kwa wazee, akayapanga na kuyapa msuko, na kuyaweka katika vinywa vya watu. Hiyo ni kazi ya mtunzi wa bunilizi ya kihistoria, hata kama mwenyewe aliiona kuwa ni kuhifadhi kumbukumbu.

Msuko wake ni wa safari. Watu wanatekwa bara, wanafungwa na kutembezwa hadi pwani, wanapakiwa jahazini, na baharini meli ya Waingereza inalikamata jahazi. Wanashushwa Mombasa, wanapewa makazi, shule na imani. Msomaji aliyezoea Agano la Kale hakosi kuuona umbo wa Kutoka: utumwa, bahari, nchi mpya. Tofauti ni kwamba Waisraeli walitoka Misri wakiwa na majina ya makabila yao kumi na mawili. Abiria wa Mbotela wanashuka melini wakiwa taifa moja jipya, ambalo lugha yake ni Kiswahili na ukoo wake ni misheni.

Wahakiki wa kipindi cha baada ya uhuru wamekilaumu kitabu hiki kwa kuwatukuza Waingereza na kuwachora Waarabu kuwa shina pekee la uovu. Lawama hiyo ina haki yake, ila imesemwa mara nyingi kiasi cha kuficha jambo jingine. Tatizo kubwa zaidi la kisanaa ni kwamba maisha ya wahusika kabla ya kutekwa hayana uzito. Kijiji kimewekwa ili kipate kuvamiwa. Hatuambiwi mtoto alipewa jina na nani, alipita jando lipi, wala mjomba wake alikuwa nani. Kimya hicho kinaeleweka, kwani mtoto wa Freretown asingeweza kuyajua hayo kwa urahisi. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba imani inaonekana kuingia katika mtu mtupu.

3.0 Deni, mama na ukoo

Umuhimu wa mjomba unahitaji maelezo. Wayao, Wamakua na Wamakonde huhesabu nasaba upande wa mama. Mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada zake. Katika utaratibu huo, mtumwa si mtu aliyenyimwa uhuru tu. Ni mtu asiye na ndugu wa mama wa kuja kumkomboa. Ndiyo maana njaa au deni viliweza kumtupa mtu utumwani kwa urahisi uleule wa vita.

Kisa cha Swema kinalithibitisha hili kuliko maandishi mengine yote ya kipindi hicho. Swema alikuwa msichana Myao aliyechukuliwa kwa sababu ya deni la mama yake. Mama alimfuata katika msafara, akafia njiani. Mtoto alifika Unguja akiwa hoi, akazikwa angali hai, kisha akaokolewa na kupelekwa kwa wamisionari Wakatoliki. Kisa hiki kilichapishwa Ufaransa mwaka 1870 na Monsinyori Gaume, kwa kusudi la kuamsha huruma ya waumini wa huko. Mwanahistoria Edward Alpers alikirejea miaka zaidi ya mia moja baadaye, akaonyesha kwamba chini ya rangi ya kitabu cha ibada kuna ushahidi wa thamani juu ya udhaifu wa wanawake wasio na kinga ya ukoo.

Linalostahili kuzingatiwa ni jinsi umbo la kisa lilivyowafaa wachapishaji wake. Msichana anazikwa na kufufuka, na ubatizo, katika mafundisho ya Kanisa, ni kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo. Historia na teolojia zimegongana mahali pamoja, na mtunzi hakuwa na haja ya kubuni kitu. Lakini kwa Swema, kifo cha mama njiani ndicho kilichomwondolea jina lake la ukoo. Kaburi la Unguja lilikuja baadaye. Masimulizi ya Kikristo yalilichagua kaburi la pili kuwa kiini cha habari, na la kwanza likabaki sehemu ya safari.

Hali inayofanana na hiyo ipo katika Kiungani, mkusanyiko uliotolewa na A. C. Madan mwaka 1887, wenye visa vya wavulana wa shule ya Universities' Mission to Central Africa (UMCA) kule Unguja. Wavulana hao waliandika habari za maisha yao wenyewe, na Madan akazitafsiri kwa Kiingereza. Katika visa hivi, tofauti na kwa Mbotela, nyumbani pana uhai: pana michezo, njaa, ugomvi wa wakubwa. Mtafiti wa bunilizi ya kihistoria atapata humo malighafi ambayo riwaya ya Kiswahili bado haijaitumia.

4.0 Waliorudishwa

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la UMCA palepale Mkunazini. Miaka mitatu baadaye, Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu waliotolewa utumwani kurudi bara. Lengo lilikuwa kulielekea Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walikuwa na asili. Waliishia Masasi, na mwaka 1876 makazi yakaanzishwa hapo. Newala ikafuata mnamo 1878.

Hapa ndipo masimulizi ya wokovu wa baharini yanapokutana na mtihani wake. Waliofika Masasi walikuwa Wakristo wa misheni, wanazungumza Kiswahili, wamezungukwa na Wayao, Wamakua na Wamakonde wenye machifu, koo na jando zao. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliyashambulia makazi hayo. Baadhi ya wakazi waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na misheni ikawa haina budi kutafuta njia ya kuwakomboa kwa mara ya pili. Mtunzi wa riwaya asingethubutu kubuni tukio kama hilo, maana lingeonekana limelazimishwa. Mtu aliyekombolewa kutoka jahazini, akakombolewa kwa ubatizo, sasa anasubiri kukombolewa kwa bidhaa. Maana zote za neno zimemwangukia mtu mmoja.

Georg Lukács, katika uchunguzi wake wa riwaya ya kihistoria, alipendekeza kwamba mhusika mkuu anayefaa si shujaa mkubwa wa taifa, bali mtu wa kati ambaye nguvu zinazopingana za zama zake hukutana ndani yake. Nyanda hizi zilikuwa na mtu wa namna hiyo. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akalelewa na misheni Unguja, akasoma Kiungani na baadaye katika chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Mwaka 1890 alipata upadre, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika UMCA. Alitumikia Chitangali, katika nchi ya chifu Myao Barnaba Nakaam, kwa zaidi ya miaka kumi. Yatazamwe majina yake. La kwanza ni la Kiingereza, la ubatizo. La pili ni la Kiswahili, la namna waliyopewa watumwa wengi wa pwani. Hakuna hata moja la Kiyao. Na bado ni kwa Wayao alikotumwa kuhubiri, katika lugha ya mama asiyemrithisha jina.

5.0 Jando na Kanisa

Swali ambalo Freretown liliweza kuahirishwa, Masasi halikuahirishika: je, Mkristo ambaye hakupita jando ni mtu kamili machoni pa jirani zake? Katika likumbi la Wamakonde na katika unyago wa Wayao, mtoto alipewa jina jipya na nafasi katika jamii. Asiyepita alibaki mtoto hata akiota mvi.

Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alichagua kuliingiza jando ndani ya Kanisa. Tohara ilifanyika chini ya uangalizi wa makasisi na walimu Wakristo, na sala za Kanisa zikachukua mahali pa matambiko. Terence Ranger, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1972, ameonyesha kwamba mpango huu haukuwa wa askofu peke yake: makasisi na wazee Waafrika waliuunda, waliuhoji na kuugeuza. Ametahadharisha pia kwamba upande wa wasichana jambo hilo lilikuwa gumu zaidi.

Ulinganisho na riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between (1965), ambayo Kiswahili chake kinaitwa Njia Panda, unafaa hapa. Muthoni, binti wa mhubiri, anataka kuwa Mkristo na pia mwanamke wa kabila lake. Anatahiriwa, na kidonda kinamuua. Ngũgĩ aliandika kutokana na mgogoro wa Wagikuyu uliofikia kilele mwaka 1929, ambapo makanisa yalimtaka mtu achague upande mmoja. Katika miaka hiyohiyo, Masasi ilikuwa ikijaribu kumwondolea mvulana ulazima wa kuchagua. Haifuati kwamba Masasi ilifanikiwa. Linalofuata ni kwamba msuko wa Muthoni, ambao wasomaji wengi wameupokea kuwa ndiyo kanuni ya mgongano wa imani na mila Afrika Mashariki, ni msuko mmoja tu kati ya kadhaa.

Msuko mwingine umeachwa na Yohana Abdallah, kasisi Myao wa UMCA, ambaye kitabu chake Chiikala cha Wayao kilitoka mwaka 1919. Si bunilizi, na kiliandikwa kwa Kiyao. Anaianza historia ya watu wake katika kilima cha Yao, wala si misheni, na hafichi kwamba Wayao wenyewe walifanya biashara ya watumwa na pwani. Kasisi huyu hakuona haja ya kuwafuta mababu ili imani yake ipate mahali pa kukaa. Ukimsoma baada ya Mbotela, unaona mara moja kile ambacho Mbotela hakuwa nacho: mahali pa kuanzia kabla ya jahazi.

6.0 Mahali pa riwaya ambayo haijaandikwa

Katika maandishi yote yaliyojadiliwa, aliyekosekana ni msichana wa uwanda wa Wamakonde. Swema alisimuliwa kwa Kifaransa na wengine, kwa hadhira nyingine. Wavulana wa Kiungani waliandika wenyewe, lakini walikuwa wavulana. Jando la Lucas lilikuwa la wavulana kwanza. Muthoni ni wa milima mingine na amekufa. Hata hivyo katika koo za upande wa mama, yeye ndiye anayebeba jina la ukoo kwenda kizazi kijacho, na uamuzi wake wa kubatizwa au kutobatizwa ulikuwa na uzito kuliko wa kaka yake.

Mtafiti atakayefika Mnyambe na vijiji vinavyoizunguka akiwa na kinasa sauti atawakuta wanawake wazee ambao bibi zao waliupita unyago na kisima cha ubatizo. Maswali yake yasianzie kwa mmisionari aliyewafikia. Aulize kwanza jina ambalo bibi alipewa alipotoka unyagoni, ni nani aliyempa, na kama jina hilo lilitamkwa tena baada ya ubatizo.