Kuchagua Draiva ya Taa za LED kwa Tangi la Samaki wa Mapambo

Vikundi vya vijana vinavyotengeneza matangi ya kioo ya samaki wa mapambo hutuuliza: mbona taa tulizojiundia zinaungua upesi, na zile za dukani zinadumu? Mara nyingi kosa si la taa. Ni la kile kiboksi kinachokaa kati ya soketi na taa, ambacho mafundi hukiita draiva. (Siyo yule wa matatu, ingawa naye akiendesha vibaya wanaoumia ni abiria.) Umeme wetu wa nyumbani ni volti 240, na LED moja nyeupe inataka kama volti 3 tu. Kazi ya draiva ni kuupunguza na kuupima.

Kwanza tazameni mna taa za aina gani. Kama ni utepe wa kubandika ulioandikwa 12V, ndani yake tayari kuna vizuizi vidogo vya umeme. Huo unataka kiboksi cha volti 12 zisizobadilika. Mita mbili za utepe wa wati 14 kwa mita ni wati 28. Basi chukueni kiboksi cha wati 36, yaani ampea 3, kisije kikafanya kazi kikihema.

Lakini kama ni zile LED kubwa, moja moja, zinazofungwa juu ya bati la aluminiamu, hapo ndipo pesa ya kikundi hupotea. Hizi haziongozwi na volti, zinaongozwa na ampea. Volti zikizidi kidogo tu, ampea zinaruka sana. Tena LED ikipata joto inapitisha umeme zaidi, umeme unaongeza joto, mpaka inaungua. Kwa hiyo zinataka draiva inayoshikilia ampea pale pale, volti zijipange zenyewe.

Tuseme mna LED 10 zilizofuatana kwa mstari mmoja, chanya ya moja ikiunganishwa na hasi ya nyingine. Kila moja ni volti 3.2, jumla 32. Kama zinaruhusu miliampea 700, tafuteni draiva ambayo kwenye neno OUTPUT imeandikwa 600mA au 700mA, na volti 24 hadi 40. Hiyo 32 inakaa vizuri katikati. Mkifunga LED 5 tu, au 15, draiva hiyo hiyo itapepesa au ikatae kabisa. Sisi tungechukua ya 600: mwanga unapungua kidogo tu, na taa hazipati joto sana.

Sasa maji, na hapa hatutaki mchezo. Ziko draiva za bei rahisi ambazo ndani hazina transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na ule wa taa. Mita inaweza kuonyesha volti 32 kati ya waya mbili, lakini mtu akigusa waya mmoja na mkono uliolowa, anaweza kupigwa na zile 240. Ni mtoto wa mteja huyo anayelisha samaki! Tafuteni herufi SELV kwenye lebo. Kama hazipo na muuzaji hajui, mwachieni draiva yake. Draiva isikae juu ya tangi hata ikiwa imefunikwa; ifungeni ukutani kando. Waya ushuke chini kwanza ndipo upande kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya. Na mteja aambiwe wazi: chomoa plagi kabla ya kutia mkono majini.

Kabla ya kupeleka kazi, washeni taa kwa saa mbili bila tangi. Zimeni, chomoeni, kisha mguse bati. Kidole kikishindwa kukaa hapo mpaka mhesabu tano, ongezeni aluminiamu au mshuke kwa draiva ya miliampea 350.