Kukimbia wakati wa joto: zoea kwanza, umbali baadaye

Siku hizi vijana kwa wazee wanaamka kukimbia mazoezi. Ni jambo jema, maana mazoezi husaidia kuzuia shinikizo la damu na kisukari. Lakini sisi wa Makuyuni na tambarare yote ya Korogwe hatuishi katika ubaridi wa Lushoto. Hasa kuanzia Desemba hadi Machi, anayeanza mbio kwa pupa anaweza kuanguka njiani, na hata kufa. Mwezi huu tuone namna ya kuongeza umbali kwa usalama.

Kwa nini joto ni hatari?
Misuli ikifanya kazi hutoa joto jingi. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho hupoza pale tu linapokauka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho hutiririka bila kukauka na joto hubaki mwilini. Kwa sababu hiyo usikimbie na sweta ili upungue unene. Kinachopungua ni maji, na ukinywa uzito unarudi.

Mwili hujifunza joto. Ukifanya mazoezi kidogo karibu kila siku, baada ya siku 10 hadi 14 hivi huanza kutoa jasho mapema, na moyo haupigi kasi kama mwanzo.

Fanya hivi
1. Wiki 2 za kwanza: kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2, jumla dakika 20. Usihesabu kilometa.
2. Wiki ya 3 na ya 4: kimbia dakika 2, tembea dakika 1. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza mwendo.
3. Baadaye ongeza kidogo kila wiki. Kama wiki hii umekimbia kilometa 10, ijayo zisizidi 11 hivi.
4. Kimbia alfajiri. Vaa nguo nyepesi za kupwaya. Kunywa maji kabla, na tena unaposikia kiu. Mkojo wa rangi nzito ni dalili ya upungufu wa maji.

Hata mabingwa hulichunga joto. Alphonce Simbu alipoiletea Tanzania dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, Tokyo, Septemba 2025, marathoni hiyo ilianza saa 1.30 asubuhi badala ya saa 2.00 kwa ajili ya joto.

Nani asikimbie?
Mwenye homa au anayeharisha apumzike hadi apone. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kisukari au sikoseli, na mama mjamzito, wapate kwanza ushauri wa kituo cha afya.

Akizidiwa na joto
Kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukakamaa kwa misuli ni onyo: simama, kaa kivulini, kunywa maji. Lakini mtu akianza kupepesuka, kusema ovyo au kuzimia, na mwili unawaka, hiyo ni hatari ya kifo. Wengi hudhani ni malaria imepanda kichwani, wakampa Panadol na kumfunika khanga. Panadol haishushi joto la namna hii, na kumfunika kunamzidishia.

Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Mlaze kwa ubavu. Mwingine atafute usafiri wa kwenda hospitali, na njiani endeleeni kumpoza. Dakika chache za maji na upepo ndizo zinazookoa ubongo wake.

Ndugu msomaji, haba na haba hujaza kibaba. Wafundishe haya watoto wako kabla hawajafunga kamba za viatu.