Sufuria ya Shule na Mtoto Asiyelipiwa

Mkulima wa skimu, hakuna haja ya kukufundisha wewe hesabu ya gunia. Shamba ulilopewa wewe, au alilopewa baba yako, limekufundisha tangu zamani. Kwa hiyo neno hili la chakula cha watoto shuleni twalileta mbele yako kwa kilo na madebe, maana likisemwa kwa huruma tupu kila mtu hukubali, kisha huenda zake, na mtoto hubaki na njaa yake.

Neno lenyewe ni hili. Katika shule nyingi za nchi hii wazazi hupatana kuchanga fedha ili watoto wapikiwe mchana. Mtoto aliyelipiwa huandikwa daftarini, naye hupanga mstari na sahani yake. Asiyelipiwa huambiwa aende kwao akale, hata kama kwao ni mwendo wa saa nzima na jikoni hakuna moto. Wengine hawaendi, huketi chini ya mwembe mpaka kengele ilie tena. Je, mtoto huyo apewe chakula bure, au asipewe?

Wako wasemao asipewe, na hoja yao si ya kipuuzi. Wasema hivi: mtu akijua kwamba mwanawe atakula hata asipolipa, kesho halipi, kesho kutwa jirani yake naye halipi, na mwezi ukiisha sufuria ni tupu na mpishi amekwenda zake. Kila aliyewahi kuwa mwanachama wa chama cha ushirika amekwisha kuona jambo la namna hiyo. Tutairudia hoja hii mbele kidogo.

Lakini kabla ya kumwita mzazi huyo mvivu, tazama majira yetu ya pwani ya kusini. Mvua kubwa ya mwaka hunyesha kuanzia Aprili hadi Juni, na mahindi ya mvua hiyo huvunwa kiasi cha Agosti. Basi Mei na Juni ndiyo miezi ambayo ghala limekwisha na shambani ni majani mabichi tu. Miezi hiyo hiyo kusi huvuma, bahari huchafuka, na wavuvi wa Gazi, Msambweni na Vanga wenye vyombo vidogo hawathubutu kutoka nje ya mwamba. Na miezi hiyo hiyo wageni hupungua Diani. Hoteli nyingine hufunga milango, na vibarua wake hurudishwa makwao wangoje. Mkulima, mvuvi na kibarua wa hoteli, wote watatu huishiwa kwa wakati mmoja. Na wakati huo ndio muhula wa pili wa shule, unaoanza mwisho wa Aprili na kwisha mapema Agosti. Mzazi aliyelipa vizuri mwezi wa Februari akishindwa mwezi wa Juni, si lazima awe amebadilika tabia. Kilichobadilika ni upepo.

Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mwenye kosa, itazameni tarehe ya kukusanya mchango. Kamati nyingi hutoza kila muhula sawasawa, kana kwamba wazazi wote ni makarani wa ofisi wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Mkulima aombwe Agosti na Septemba, wakati mahindi yako uani. Mvuvi aombwe wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari. Afanyaye kazi hotelini aombwe Desemba na Januari, wageni wakiwa wamejaa. Hilo peke yake litapunguza sana idadi ya majina mekundu daftarini.

Sheria nayo imesema. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na katika kifungu hicho hicho yampa haki ya lishe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, yakataza shule ya serikali kumtoza mzazi karo ya masomo. Michango mingine yaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na kila atoaye fedha apewe risiti. Lakini mtoto asikatazwe kuhudhuria shule kwa sababu mchango wake haukulipwa. Angalia vizuri hapo. Sheria yamlinda mtoto asifukuzwe, lakini haikumtaja mtu atakayeijaza sahani yake. Kazi hiyo imeachwa mikononi mwa wazazi na kamati.

Si kwamba Serikali haikufanya kitu. Watu wa makamo wayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, na hakuna mtoto aliyeulizwa kwamba baba yake ni nani. Mwaka 1980 Serikali na Shirika la Chakula Duniani walianza kupeleka chakula katika shule za sehemu kavu za nchi. Mwaka 2009 Serikali ikaanzisha mpango mwingine ulio karibu zaidi na wewe mkulima: fedha zilitumwa kwa akaunti ya shule, na kamati ikatangaza zabuni ili chakula kinunuliwe hapo hapo mtaani. Mwaka 2018 Shirika lile likaikabidhi Serikali kazi yote. Lakini mipango hiyo ililenga sehemu za ukame. Wewe unayekaa upande wa mvua na minazi usiweke tegemeo lako lote huko. Na hata waliomo katika mpango wajua kwamba lori la chakula huweza kuchelewa, na tumbo la mtoto halingoji lori.

Tena kuna jambo la kusikitisha katika ule mpango wa zabuni. Mara nyingi walioshinda walikuwa wafanyabiashara, si wakulima. Sababu yajulikana: shule yataka magunia mengi kwa pamoja, na malipo hukawia, na mkulima mmoja mwenye ekari chache hana magunia hayo wala hana subira ya kungoja fedha. Huko Brazili waliligundua tatizo hilo wakalitilia sheria. Mwaka 2009 walipitisha sheria kwamba angalau asilimia 30 ya fedha ambazo serikali kuu hutoa kwa chakula cha shule zitumiwe kununua mazao ya wakulima wadogo. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo, lakini wakulima 20 wakiuza kwa jina moja la chama, waweza kutoa zabuni kama tajiri yeyote.

Sasa twende kwenye kilo. Kipimo kilichotumika kwa miaka mingi katika shule za Kenya ni gramu 150 za nafaka kwa mtoto mmoja kwa siku, gramu 40 za kunde au maharagwe, na gramu 5 za mafuta, pamoja na chumvi kidogo. Hiyo ndiyo sahani ya pure. Tuseme shule hupika siku 180 kwa mwaka. Mtoto mmoja atakula kilo 27 za mahindi, yaani debe moja na nusu, na kilo 7 na robo hivi za kunde. Gunia moja la kilo 90 lalisha watoto 3 mwaka mzima, na kilo 9 zabaki.

Chukua shule ya watoto 400. Yataka magunia 120 ya mahindi na magunia 32 ya kunde. Ukisikia magunia 120 utashtuka, lakini ikiwa ekari moja yatoa magunia 8, basi hayo ni mavuno ya ekari 15 tu, na skimu moja ina ekari ngapi?

Sasa tuwatoe wasioweza. Tuseme kati ya watoto 400, watoto 80 hawana mtu wa kuwalipia kabisa: yatima, mtoto anayelelewa na bibi mzee, mtoto ambaye baba yake amelazwa hospitali ya Msambweni tangu mwezi uliopita. Watoto 80 hao watakula magunia 24 ya mahindi kwa mwaka. Yagawe kwa wale 320 waliobaki. Kila mmoja ataongeza kilo 6 na robo tatu za mahindi, na kilo 2 kasoro kidogo za kunde. Yaani hata nusu debe haifiki, kwa mwaka mzima. Huo ndio mzigo wote ambao watu hugombania katika mikutano ya wazazi mpaka jua likazama. Nyani wakiingia shambani asubuhi moja huko Shimba Hills hula zaidi ya hizo.

Na faida je? Katika wilaya za zamani za Busia na Teso, shule 25 za chekechea zilichaguliwa zipike uji wa bure, zikalinganishwa na nyingine 25 zisizopika. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Mahudhurio katika shule zenye uji yalizidi kwa kadiri ya asilimia 30. Lakini ukweli wote usemwe: masomo yenyewe yalipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa mwenye uzoefu, na upishi ulikula saa za kufundisha. Uji haufundishi kusoma. Humleta mtoto darasani na kumweka macho. Yaliyobaki ni ya mwalimu. Na mwalimu asifanywe mpishi.

Hapa kwetu Kwale uchunguzi mwingine ulifanywa, ukachapishwa mwaka 1993. Wavulana wa shule wenye minyoo walipewa dozi moja ya dawa, na baada ya miezi 4 walionekana wamekua vizuri zaidi, wana nguvu zaidi, na hamu yao ya chakula imeongezeka kuliko wenzao wasiopewa. Kwa hiyo siku ya dawa ya minyoo shuleni usimfiche mtoto nyumbani. Ukichangia debe na nusu kisha nusu yake ile minyoo, umefanya kazi ya nani?

Turudi basi kwa ile hoja ya wanaokataa. Ni kweli kwamba wako wazazi wenye uwezo wanaojificha nyuma ya maskini. Lakini deni ni la mzazi, na mtoto hana shamba wala mshahara. Kumnyima sahani mtoto wa darasa la pili ili baba yake aone haya ni njia mbovu ya kudai deni. Mara nyingi baba mwenyewe hayupo hata kuona. Maoni yetu ni kwamba kila mtoto aliyeko shuleni adhuhuri ale, na daftari la madeni likae kwa mwekahazina, lisisomwe mbele ya watoto mstarini. Mzazi asiye na fedha aulizwe ana nini. Mwenye minazi alete nazi. Mwenye mivinje alete kuni. Asiye na chochote atoe siku zake za kuteka maji au kupika. Ambaye hana fedha, wala nguvu, wala afya, huyo asidaiwe, na jina lake lijulikane na watu watatu tu. Mwenye uwezo anayekataa aitwe na kamati, na mzee wa mtaa awepo.

Nairobi wamejaribu njia yao tangu mwaka 2023: mtoto hutoa shilingi 5, na sehemu kubwa iliyobaki hulipwa na kaunti na wenziwe. Ni njia nzuri kwa mji mkubwa wenye majiko makuu yanayopelekea shule nyingi. Kwa shule iliyo mwisho wa barabara ya mchanga, twaona debe litafaa zaidi kuliko shilingi.

Mkikusanya nafaka, ikausheni. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13 na nusu. Ikiwa hamna chombo cha kupimia, chukueni chupa kavu, tieni mahindi kidogo na chumvi kavu, mtikise, kisha mngoje robo saa. Chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi yarudi juani. Yenye kuvu yatupwe. Msiyapeleke shuleni kwa kuwa ni ya bure. Gunia lisiwekwe juu ya sakafu tupu, na dumuzi achunguzwe kila wiki mbili, kwani mahindi ya Agosti yatakiwa yafike Juni. Na mkipanda bustani ya shule, mihogo iwe mitamu tu. Ile michungu ina sumu, na watoto huchimba bila kuuliza.

Jambo moja la mwisho, la wenzetu Waislamu, ambao ndio wengi upande huu. Mwezi wa Ramadhani, kama mwaka 2025 ulipoanguka Machi, wanafunzi wengi hufunga, na sufuria hupikwa ndogo kwa ajili ya wadogo na wasiofunga. Nafaka iliyosalia mwezi huo isigawanywe wala isiuzwe. Iandikwe, ifungwe, iwekwe kwa ajili ya Mei. Ghala liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu mkuu na mmoja kwa mzazi aliyechaguliwa, na hesabu ya magunia ibandikwe ubaoni kila mwisho wa mwezi. Ukitaka shauri juu ya kukausha na kuhifadhi, mwone Afisa wa Kilimo wa wadi yako kabla ya kuvuna, si baada.