Kompyuta tunazo, tenda hatuzioni!

JUZI Jumamosi nilidandia bodaboda pale Mwenge nikiwahi Sinza kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa dada. Dereva alipogeuka kunipa helmeti, nusura nidondoke. Kumbe ni mshkaji wangu wa sekondari, yule ambaye darasa zima tulimwita Profesa kwa jinsi alivyokuwa anahusudu kompyuta!

"Profesa, vipi tena? Zile programu zako zimeishia wapi?" nikamuuliza.

"Mwanangu, programu haziliwi," akanijibu huku anacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kujikaza. "Laptopu nimeuza, ndiyo ikawa kianzio cha hii pikipiki."

Sherehe nilikwenda, pilau nikala, ila msomaji wangu sitakuficha, roho haikutulia. Profesa siyo kijana wa kubahatisha. Baada ya kidato cha nne alijifunza mwenyewe, kwanza kwenye intaneti kafe ya mtaani, halafu kwa video za bure. Akamtengenezea mama mmoja mwenye duka la dawa programu ya kujua dawa ipi imebaki kiasi gani na ipi inakaribia kuisha muda wake. Mama akafurahi, akamlipa. Jirani yake naye akaitaka.

Basi bwana, Profesa akapata wazo: kwa nini zahanati za umma zisiwe na kitu kama hiki? Akaandika barua, akavaa shati la kuazima, akaenda ofisi moja ya umma ambayo jina lake naliweka kapuni. Akaambiwa alete hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na ushahidi wa kazi kubwa tatu alizowahi kufanya. Jamani, ndiyo kwanza anaanza, hizo kazi kubwa angezitoa wapi? Alirudi mara nne. Mara ya nne akaambiwa faili halionekani.

TULIKOTOKA

Sasa tusidanganyane. Fedha ya umma siyo njugu, haiwezi kugawiwa kila mwenye laptopu. Lakini kisa cha Profesa kilinifanya niulize: hivi Serikali inapotuambia inakuza teknolojia ya habari, huwa inakuza nini hasa?

Nikaanza kufukua historia, nikakuta vituko. Kompyuta ya kwanza nchini iliingia mwaka 1965, ikafungwa Hazina. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Ndiyo maana wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa wanaangalia televisheni tangu miaka ya 1970, sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994. Na kompyuta nayo ikawa kitu cha kusikia kwa watu. Mafundi ambao wangekuwa walimu wetu leo, wengi hawakupata hata nafasi ya kuigusa.

WAHINDI WALIFANYAJE?

Hapo ndipo utaniambia, "Lakini wakati ule nchi zote maskini zilikuwa na hali ngumu." Sawa, hebu tuwatazame Wahindi.

India nayo miaka ile ya 1970 ilibana milango. Serikali yao iliitaka IBM ya Marekani ipunguze umiliki wake ili wananchi nao wawe na hisa. IBM ikakataa, mwaka 1978 ikafunga virago. Tofauti yao na sisi ni hii: India ilimbana mgeni, lakini haikuifukuza kompyuta. Tayari walikuwa na vyuo vyao vikubwa vya teknolojia, cha kwanza kilifunguliwa Kharagpur mwaka 1951. Pengo aliloacha mgeni likazibwa na watoto wa nyumbani. Kampuni ya Wipro, ambayo ilianza kwa kuuza mafuta ya kupikia, ikaingia kwenye kompyuta. Mafuta ya kupikia, jamani! Na mwaka 1981 bwana mmoja anaitwa Narayana Murthy akaanzisha Infosys na wenzake kwa rupia 10,000 alizopewa na mkewe, Sudha. Akina dada mnaosoma hapa, mmesikia?

Mwaka 1984 Serikali ya Rajiv Gandhi ikalegeza masharti ya kuingiza kompyuta. Halafu ukafika mwaka 1991. Mwaka huo India ilikuwa hoi, fedha za kigeni zimekauka hadi ikaweka rehani dhahabu yake. Lakini mwaka huohuo ikaanzisha maeneo maalumu ya kutengeneza programu. Kampuni ndogo iliyojiunga ilipata mawasiliano ya setilaiti ambayo peke yake isingeyamudu, na ikasamehewa kodi ya mapato kwa kazi ilizouza nje. Leo sekta hiyo imeajiri Wahindi zaidi ya milioni 5.

Kwa hiyo nani alisema ni lazima uwe tajiri kwanza?

SISI TUMEFIKA WAPI?

Haki ya mtu mpe. Serikali yetu haikukaa tu. Mwaka 2003 tulipata sera ya taifa ya TEHAMA, ikafuatiwa na nyingine mwaka 2016. Mwaka 2009 nyaya za baharini zikaanza kutufikia, ya kwanza ikiwa SEACOM, na mkongo wa taifa ukatandazwa kuelekea mikoani. Mwaka 2011, pale Sayansi Kijitonyama kwenye jengo la COSTECH, kikaanza kituo cha Buni cha kulea vijana wenye mawazo mapya, kwa msaada wa Finland. Mwaka 2015 ikaundwa Tume ya TEHAMA.

Na wataalamu tunao. Ile kontroo namba unayopewa ukitaka kulipia karo ya chuo au faini ya trafiki inatoka kwenye mfumo wa GePG, ulioanza kazi mwaka 2017. Mfumo huo ulitengenezwa na Watanzania wenyewe, wataalamu wa Serikali. Hakuna mzungu aliyeitwa.

Tatizo liko kwingine. Mkongo ni barabara tu. Ukijenga barabara ya lami halafu malori yote yanayopita ni ya wageni, wewe utabaki kuuza mahindi ya kuchoma pembeni. Hapo ndipo tulipo. Bando tunanunua, simu tunanunua, programu tunanunua. Sisi tunauza nini?

Halafu kuna hili la mkono mmoja kutoa na mwingine kunyang'anya. Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Kijana mwenye blogu yake ya mapishi au bongofleva akatakiwa kulipa shilingi 100,000 ya maombi, milioni 1 ya leseni, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Wengi wakafunga. Baadaye kanuni zikalegezwa, lakini aliyekwishafunga amekwishafunga. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu wakarudi kubeba noti kwenye soksi! Miezi miwili baadaye ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Wewe uliyebuni programu ya malipo, unapanga vipi biashara yako wakati sheria inabadilika kabla hujamaliza kulipa kodi ya chumba?

TUNATAKA NINI?

Siombi Serikali imgawie Profesa hela. Naomba imnunulie bidhaa. Mteja mkubwa kuliko wote nchini ni Serikali yenyewe: shule, zahanati, halmashauri, vituo vya polisi. Huyu mteja akinunua kwa kijana hata kazi ndogo moja, yule kijana anapata ule "uzoefu" ambao ofisi zinaudai kila siku.

Na hili si jambo la kubuni. Mwaka 2016 sheria ya ununuzi wa umma ilifanyiwa marekebisho, taasisi zikatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu wakiwemo vijana. Zipo pia fedha za halmashauri, asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ambapo vijana wana fungu lao la asilimia 4. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Mlango upo. Sasa uwe unafunguka kweli, na kazi ikikamilika kijana alipwe kwa wakati, asifukuzie hundi mpaka viatu vinatoboka.

Na sisi vijana tusijifanye watakatifu. Wangapi tumesajili kikundi? Wangapi tunajua tangazo la zabuni linasomwaje? Tukikutana kijiweni ni Simba na Yanga kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Mlango hata ukifunguliwa, aliyelala hauoni.

Jumatatu nilimpigia Profesa. Nikamweleza habari ya ile asilimia 30 na fedha za halmashauri. Akanyamaza kidogo, nikasikia pikipiki inaunguruma.

"Hiyo sheria iko hivyo kweli?" akauliza.

"Iko hivyo."

"Basi nitafutie wenzangu wanne tusajili kikundi. Ile programu bado ninayo kwenye flashi." Kisha akaniambia nisubiri, kuna abiria anaenda Makumbusho.

Wanne hao naendelea kuwatafuta. Tukutane wiki ijayo.