Kabla shule haijanunua programu ya kila kitu

Mwezi uliopita shughuli za kifamilia zilinipeleka bara, nikapata kuingia shule mbili za upili, moja Meru na nyingine Embu. Zote zina chumba cha kompyuta, na zote zinalia na bando. Zimeachana kwenye programu walizochagua. Nawaletea niliyoyaona kwa sababu wauzaji wa programu wanabisha hodi hata kwa walimu wakuu wetu wa Kilifi, Kwale na Lamu.

Shule ya Meru ilinunua programu moja ya kila kitu: karo, alama, ratiba, ujumbe kwa wazazi na masomo yote. Karani alikuwa na raha, risiti zinatoka bila tabu. Lakini upande wa hesabu, somo lenyewe lilikuwa maswali ya kuchagua A, B, C au D. Mtoto akikosea anaambiwa amekosea, basi. Haoni kwa nini. Intaneti ikikatika, karo na masomo husimama pamoja. Na wasipolipia mwaka mpya, hata alama za zamani hazifunguki.

"Mzee, tumefungwa humu," mwalimu aliniambia. "Kutoka ni kuanza upya."

Mshika mbili moja humponyoka.

Embu anafundisha shemeji yangu. Yeye alianza kwa kujiuliza wanafunzi wake wanakwama wapi. Wengi walikwama kwenye grafu, basi akaweka GeoGebra, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria. Shule haiilipii, na ikishawekwa kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Nilimtazama msichana mmoja akibadilisha namba ya a katika y = ax². Ikikua, mchoro unabanana. Ikiwa hasi, unapinduka. Alicheka, akarudia, kisha akamweleza mwenzake.

Kwa fizikia wanatumia PhET, majaribio ya kwenye skrini yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Mwalimu hupakua jaribio analolihitaji tu, kama la saketi ya umeme, akalibeba kwenye flashi. Alama ziko kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, na nakala ipo kabatini.

Sisemi programu ya jumla haifai kabisa. Kwa watoto wadogo, GCompris ina michezo zaidi ya 100 ya kujifunza ndani ya programu moja, ni ya bure na haihitaji intaneti. Programu nyingi nazo zina gharama yake: mwalimu lazima ajifunze kila moja. Shemeji alianza na moja, akakaa nayo muhula mzima kabla ya kuongeza ya pili.

Kwa hiyo, mzazi uliye kwenye bodi ya shule, kabla ya kutia saini uliza haya manne. Inatatua shida gani ya mwanafunzi? Inafanya kazi bila intaneti? Tukiacha kulipa, tutaondoka na alama zetu? Mwalimu wa somo ameijaribu darasani?

Muuzaji akijibu swali la karo peke yake, jueni mnamnunulia karani. Si vibaya, lakini msiwaambie wazazi kuwa mmewanunulia watoto.